Barafu ya Mama Zuhura

Jumatatu, 1 Oktoba 1973

Trei imenisumbua tena. Nimeifunga kitambaa cha maji moto, nimeipinda huku na huku, nimeigonga ukingoni mwa sinki mpaka Baba Mumo akauliza kutoka sebuleni kama ninabomoa nyumba. Kuinuka aje kusaidia, la. Kuuliza ndiyo kazi yake.

Mwishowe barafu ikatoka kwa hasira. Vipande viwili vikaruka chini ya meza, vingine vikapasuka. Vidole vimeniganda kwenye bati, ngozi ikabaki huko.

Trei hii ilikuwa na mkono katikati, wa kuinua ili barafu ilegee. Ulivunjikia kwa yule Mzungu aliyemwachia Baba Mumo friji alipokuwa akirudi kwao. Friji nzima, trei kilema. Na friji yenyewe ndiyo hiyo imesimama sebuleni na kitambaa chake cha kufuma, kana kwamba ni mgeni wa heshima.

Mfungo umeanza Ijumaa. Mama Zuhura amekuja mlango wa nyuma na jagi lake, kama kila Ramadhani tangu friji iingie hapa. Tunapakana ukuta kwa ukuta. Huchemsha ukwaju, huutia sukari, lakini ukiwa vuguvugu haumshuki. Koo lake linataka ubaridi kwanza, ndipo tende, ndipo chakula. Amenikuta ninapiga trei.

"Mwenzangu, unaua nyoka?"

Nimecheka mpaka nikaishiwa nguvu. Yeye amefunga tangu alfajiri, mimi nimekunywa chai mara tatu kazini, na ni yeye anayenichekesha mimi. Ameacha sambusa.

Alhamisi, 4 Oktoba

Joto. Stoo ya mablanketi ninakofanya kazi kule Industrial Area mwezi huu ni tanuri. Nimehesabu mablanketi siku nzima, nikarudi kwa miguu, nikaanza na trei kabla ya kuvua viatu. Jua likikaribia kutua huwa nina haraka kuliko wanaofunga.

Kichumba cha barafu kimejaa theluji. Ningeizima friji siku nzima iyeyuke, niifute. Lakini nikiizima, Mama Zuhura atafuturu na nini? Nitafanya baada ya Idi.

Jumapili, 7 Oktoba

Musyoka amekuja baada ya kanisa. Huyu ni mdogo wake Baba Mumo, anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja mjini. Kelele tupu. "Sasa shemeji! Leo nimewaletea vitu vya wakubwa!" Ana kifurushi cha gazeti, kimelowa chini. Nilikuwa ninageuza chapati. Akafungua friji mwenyewe, akakisukuma kule juu kwenye kichumba cha barafu, juu ya trei, maana hakuna nafasi nyingine. Nikasikia mlango ukigongwa. Haukufunga vizuri, kwa sababu ya theluji ile. Nikausukuma kwa goti baadaye.

Nyama, nikajua. Nyama gani, sikuuliza.

Stima ikapotea mchana, ikarudi karibu saa kumi na moja. Barafu ilikuwa imelainika juu ikaanza kuganda tena. Nilimpa Mama Zuhura ilivyo. Akasema hata nusu barafu ni barafu.

Jumatatu, 8 Oktoba

Ajabu ya leo. Trei imetii! Nimeigeuza tu juu ya bakuli, nikaigonga kidogo kwa kiganja, vipande vyote vikateleza vikatoka vizima. Hakuna kitambaa, hakuna vita. Nimemwita Mama Zuhura aone. Akapiga makofi. Akasema nimepata baraka za mwezi. Tumesimama pale mlangoni mpaka adhana, akainua bilauri, akafumba macho, akanywa. Ninapenda kumtazama anapofungua. Uso wote hulegea.

Zuhura, binti yake, naye amefunga leo siku nzima kwa mara ya kwanza. Ana miaka tisa. Nimempa kipande kikubwa cha barafu akinyonye, zawadi yake. Amekizungusha mdomoni huku akiruka.

Nimefurahi leo.

Jumanne, 9 Oktoba

Nguruwe.

Nimefungua kifurushi cha Musyoka nikaange nyama ya jioni. Vipande vyembamba, mafuta meupe, ngozi pembeni. Nikajua hapo hapo. Nikavuta trei. Upande wa ndani barafu ina rangi ya waridi. Utando wa mafuta kwenye bati, unateleza kidoleni. Stima ilipopotea Jumapili kifurushi kiliyeyuka, kikachuruzika ndani ya trei. Nami Jumapili usiku, na jana tena, nikajaza maji mapya juu ya yale yale, bila kuiosha, kama siku zote.

Ndiyo sababu ilitoka kwa urahisi. Ilipakwa mafuta. Na mimi nikamwita aje aone! Akapiga makofi!

Nimeketi kwenye kigoda cha jikoni. Mama Zuhura aliyezaliwa Pumwani, mtaa wa Waislamu, ambaye hata sufuria akiazima huuliza kwanza, kwa upole, ilipika nini mwisho. Nami humjibu, naye huniamini. Jana na juzi nimemfuturisha nguruwe. Na yule mtoto. Kipande kile nilimchagulia mwenyewe.

Sijamaliza kufikiri, mlango ukabishwa. Jagi mkononi. Midomo imekauka, anatabasamu.

Nikamwambia friji imeharibika.

Neno lenyewe lilitoka kabla yangu. Akasema pole, pole sana mwenzangu, kama aliyeharibikiwa ni mimi. Akarudi na jagi tupu.

Baba Mumo amekula nyama ile yote. Amesema ni tamu. Sikuionja.

Jumatano, 10 Oktoba

Nimeosha trei kwa sabuni. Nikaosha kwa majivu. Nikaosha kwa mchanga wa nje, maana niliwahi kumsikia Mama Zuhura akisema wao wana namna ya kuosha kwa udongo. Mara ngapi, vipi, sijui. Mtu wa kumuuliza ni yeye.

Nimeizima friji ili niwe nimesema kweli. Akili gani hiyo! Baba Mumo akarudi akakuta maziwa yamechacha, akapiga kelele, akaiwasha. Nikasema nilisahau swichi. Uongo wa pili. Wa kwanza ulikuwa bado haujapoa.

Na hii friji si ya kimya. Ikianza hunguruma, ikikoma hujitikisa mpaka vikombe vinalia. Ukuta wetu na wao ni tofali moja. Nimeweka redio juu yake.

Leo hakuja na jagi. Lakini alituma sambusa, za moto, kwa sababu anajua nimeharibikiwa.

Nimekula moja.

Ijumaa, 12 Oktoba

Nilipanga kumwambia leo. Nimejipanga njia nzima kutoka kazini, maneno yote. Nimefika kwenye bomba la maji nikamkuta. Nikafungua mdomo. Yeye akaanza.

Amenipatia fundi. Mpwa wake, Rajabu, anatengeneza mafriji Shauri Moyo. Amemwambia aje Jumapili nikiwa nimetoka kanisani. Amefurahi jinsi gani! Amesema anaona aibu miaka yote hii kula barafu yangu bure, sasa na yeye amepata la kufanya.

Ningesema pale. Wanawake wengine walikuwepo na ndoo zao. Badala yake nikamjibu, na sauti yangu niliisikia mwenyewe, kavu: "Sihitaji fundi wa mtu. Baba Mumo ana fundi wake."

Akasema haya, mwenzangu. Akajitwisha ndoo.

Huyu ndiye mwanamke aliyeingia hapa mwaka ule mtoto wangu Kavata alipofariki, hajatimiza hata miezi sita. Watu wa kanisa walikuja, wakaimba, wakaenda. Mama Zuhura hakusema chochote. Alifua shuka, akanipikia uji, akaketi. Kesho yake akaja tena akaketi. Mpaka siku niliposema nina njaa. Ndiye niliyemjibu vile, mbele ya ndoo.

Nina roho mbaya. Niandike tu.

Jumapili, 14 Oktoba

Fundi amekuja.

Mama Zuhura alikuwa amedhani ninaona haya kusaidiwa. Si kwamba nina kiburi, haya tu. Yeye huwafikiria watu hivyo. Kwa hiyo hakumzuia. Tumetoka kanisani, tunavua viatu, Rajabu yuko mlangoni na sanduku lake la vyuma, na Mama Zuhura nyuma yake, ushungi umefungwa vizuri, anacheka. "Leo utanisamehe tu, nimekuja kwa nguvu."

Baba Mumo, ambaye sikuwa nimemwambia chochote, akasema, "Friji? Friji ina nini?" Akaifungua kwa mkono wake.

Taa ikawaka. Ubaridi ukatoka. Rajabu akatia mkono, akagusa kuta, akasikiliza mashine. Akavuta trei. Baba Mumo aliijaza jana, alitaka soda yake baridi. Imejaa barafu, nyeupe, imeganda vizuri. Kijana akaishika pale katikati ya sebule, anatutazama mmoja mmoja.

"Mama, hii haina ugonjwa."

Mama Zuhura aliitazama ile barafu. Kisha akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Ningependa awe na hasira. Alikuwa anatafuta tu, usoni mwangu, kama mtu anayetafuta sindano.

Nilisimama na kiatu mkononi.

Akasema, "Alhamdulillahi. Imepona." Akamwambia Rajabu twende, asiwacheleweshe watu chakula. Akafunga mlango taratibu. Taratibu kabisa.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia sebuleni kwangu, na mwanga umewashwa.

Jumatatu, 15 Oktoba

Jua limetua. Hakuna aliyebisha.

Nimesikia bilauri zao upande wa pili. Na kijiko kikikoroga ukwaju.

Jumatano, 17 Oktoba

Kwenye bomba wamenyamaza nilipofika. Mama mmoja wa kona ile, mdomo wake haufungiki, akanieleza mwenyewe bila kuulizwa. Eti inasemwa Mama Mumo amechoka na Waislamu. Eti mchungaji amewakataza kuwasaidia wanaofunga. Nikamuuliza ni Mama Zuhura aliyesema? Akasema, huyo? Huyo hata ukimuuliza anasema hajui chochote.

Nimerudi na ndoo nusu.

Nikamwambia Baba Mumo yote. Nguruwe, mafuta kwenye trei, uongo, maziwa, yote. Aliacha kula. Nilidhani atacheka, maana yeye na Musyoka ni mapacha wa mzaha. Hakucheka. Akasema, "Mwambie." Nikamwambia si rahisi. Akasema, "Nguruwe alikuwa rahisi kusema siku ya kwanza. Sasa umemfuga amenenepa."

Nikakasirika. Nikamwambia kama ndugu yake angekuwa na adabu angeuliza kabla ya kusukuma vitu vyake kwenye friji ya watu. Akasema, hilo nalo ni kweli, na wewe ungeuliza ni nyama gani. Nikatoka nje nikaanika nguo zilizokuwa zimeshakauka.

Ana haki. Ndilo linaloniuma. Ningesema Jumanne ile, mlangoni, jagi likiwa mkononi mwake, lingekuwa jambo la kulia pamoja. Pengine hata la kucheka baadaye. Niliogopa kumpoteza kwa kusema, nikampoteza kwa kunyamaza. Mficha uchi hazai, mama yangu alisema hivyo kila siku, nami nilidhani anazungumzia uzazi.

Ijumaa, 19 Oktoba

Nimemwambia.

Nilikwenda mchana, niliomba ruhusa kazini. Sikutaka kwenda karibu na futari, ningeonekana nimefuata chakula. Alikuwa anachambua mchele, sinia mapajani. Akanikaribisha vizuri. Akanipa kiti, si mkeka. Miaka yote hukaa naye mkekani.

Nilisema yote bila kupumzika. Kifurushi, gazeti lililolowa, stima, rangi ya waridi, mafuta. Nilisema siku zenyewe. Nilisema kipande cha Zuhura.

Mkono ulikwenda mdomoni. Akainuka, akaenda uani. Nilisikia maji. Alisukutua, akatema, akasukutua tena, muda mrefu, ingawa ni siku nyingi zimepita na hakuna kilichobaki cha kutolewa. Nilikaa kwenye kiti changu cha mgeni. Nilitaka ardhi inifungulie njia.

Alirudi uso umelowa. Akaketi, akachukua sinia.

"Hilo la nyama," akasema, "Mungu anajua hatukujua. Na wewe hukujua. Hatatuuliza hilo."

Nikaanza kulia, kwa ahueni. Mapema mno.

"Lakini la friji ulijua, Mama Mumo."

Nikasema niliogopa.

"Uliniogopa mimi?"

Alichambua mchele. Akatoa kijiwe, akakiweka pembeni.

"Nilikuombea," akasema. "Kila usiku msikitini, nikimaliza ya watoto na ya wazazi wangu waliofariki, nilikuwa ninaomba friji yako ipone. Mwezi huu, dua za mwezi huu. Nikiwaza unavyorudi jua kali na huna hata maji baridi. Na ilikuwa inanguruma hapa ukutani. Nilikuwa ninaisikia. Nikajiambia, masikio yangu, ni njaa."

Hakuipandisha sauti. Nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe, huu ni mwezi wa kusamehe, hawezi kufunga na kinyongo. Akanisindikiza mpaka mlangoni. Akasema nimsalimie Baba Mumo.

Aliniita Mama Mumo. Si mwenzangu.

Jumatatu, 22 Oktoba

Jumamosi nilinunua trei mpya mjini. Ya plastiki, ya buluu. Hii haina haja ya kugongwa, unaipinda tu kwa mikono vipande vinaruka. Sikuitia kwenye friji mpaka nilipoizima, nikayeyusha theluji yote, nikafuta kila pembe kwa maji moto na sabuni, nikaianika wazi siku nzima ya jana. Kazi niliyosema nitaifanya baada ya Idi. Musyoka nimempiga marufuku kugusa mlango wa friji yangu mpaka Bwana atakaporudi. Amesema, "Shemeji, si ungeniambia tu mna majirani Waislamu?" Kana kwamba hajala sambusa zao.

Jioni nilijaza bakuli barafu, nikaifunika, nikabisha mlango wa nyuma wao. Mimi leo ndiye niliyebisha.

Alishukuru sana. Akasema tumpe mwenye haja, wao wamenunua mtungi Gikomba, wameuweka kivulini kwenye mchanga, na maji yake ni baridi, tena yana harufu nzuri ya udongo. Koo limeshauzoea. Aliniuliza habari za kazi. Akaniuliza kama Mumo ameandika kutoka shuleni. Nilijibu vyote. Nikajikuta nimesimama nje na bakuli langu, barafu inagongana ndani.

Nimeimwaga kwenye sinki. Imechukua muda kuyeyuka. Nilisimama nikaitazama, sijui ninangoja nini.

Alhamisi, 25 Oktoba

Kazini wanalalamika nimekosea hesabu ya mablanketi. Wahesabu wenyewe.

Baba Mumo anasema mpe muda, jeraha haliponi kwa kufunuliwa kila siku. Yeye anaona ni jambo la muda. Mimi ninamjua yule mama. Hachukii. Hanuni. Angenuna ningekwenda nikapiga magoti, nikamchekesha, yakaisha. Utaanzia wapi na mtu aliyekwisha kukusamehe?

Jumamosi, 27 Oktoba

Idi. Tangu asubuhi harufu ya iliki na binzari nyembamba imejaa uani. Watoto wana nguo mpya, wanapita mlango kwa mlango wanapewa peremende. Nilivaa gauni zuri nikakaa. Sikuwa na hakika ninamngoja nani.

Miaka mingine Mama Zuhura huja mwenyewe na pilau, baada ya wanaume kurudi kwenye sala. Huketi hapa jikoni, huvua viatu, husema leo atakunywa chai mchana mpaka ashindwe. Sahani huiacha kwangu. Kati yetu sahani haina haraka. Hukaa wiki, hukaa mwezi, mpaka nipike kitu cha maana, irudi imejaa. Naye yangu huiweka vivyo hivyo. Wakati mwingine sijui kabatini mwangu ipi ni yangu.

Leo alikuja Zuhura. Hina mikononi, gauni la kijani, viatu vinambana, ninaona anavyokanyaga. Pilau imefunikwa kwa kitambaa cheupe. Nikampa mkono wa Idi, nikamsifu gauni, nikamwambia amshukuru sana mama. Hakuondoka.

"Mama amesema ningoje sahani."

Nikasema sawa. Nikahamisha pilau kwenye sufuria yangu, kijiko kwa kijiko, nyama juu. Sikutaka iishe. Nikaosha sahani, nikaipangusa. Sahani hairudi tupu, hilo hata mtoto wa hapa mtaani analijua, kwa hiyo nikafungua kabati nitafute la kutia. Nilikuwa na sukari. Nilikuwa na mayai.

"Mama amesema usihangaike kutia kitu."

Alilisema vizuri, kwa adabu, kama alivyofundishwa njiani asilisahau. Sijui kama ni chakula changu wanachokiogopa sasa, au ni mimi. Nafikiri ni mimi. Chombo kingeoshwa.

Baba Mumo amekula mara mbili. Amesema mwaka huu ameipika vizuri kupita mwaka jana, na ni kweli.

Nilimpa Zuhura sahani yao. Aliishika kwa mikono miwili, akasema Idi njema, akaenda zake akichechemea katika viatu vipya. Nilishikilia mlango mpaka nikasikia wao umefungwa.